Umeme Ulitangulia, Nondo Bado

Waliokuwa wakiishi Mbagala au Bunju, Dar es Salaam, kabla simu haijawa pochi wanakumbuka umeme ulivyonunuliwa. Ilibidi kwenda na noti mkononi hadi dirishani kwa wakala au ofisi ya TANESCO, kusubiri zamu, na kurudi na karatasi yenye tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, kisha mitandao mingine ikafuata, foleni zile zilipungua hadi watoto wa leo hawazijui. Wengi tunaishukuru simu. Mimi naona simu ilifanya nusu ya kazi. Nusu nyingine ilifanyika pasipoonekana: LUKU, mfumo wa TANESCO wa umeme wa kulipia kabla, ulikubali kuulizwa na programu nyingine. Programu ya malipo hupeleka namba ya mita na kiasi cha fedha, mfumo hupiga hesabu ya uniti na kurudisha tarakimu 20, bila karani yeyote katikati. Mlango huo wa programu kuulizana ndio wataalamu wanaouita API.

Huko Marekani baadhi ya milango ya kwanza ya namna hii ilihusu bidhaa. eBay ilifungua wake mwaka 2000 na Amazon mwaka 2002, na mwandishi wa programu aliyepewa ufunguo wa siri aliweza kuuliza kitabu fulani kinauzwa kiasi gani, akajibiwa hapo hapo. Kwetu safari ilianzia kwenye malipo. Mwaka 2017 Safaricom ya Kenya ilizindua Daraja, mlango wa programu kuunganishwa na M-Pesa yake, na mwaka huo huo serikali ya Tanzania ilianza kukusanya fedha zake kupitia GePG, mfumo unaotoa namba ya malipo kwa ada, faini na tozo. Ukiitazama milango ya LUKU na GePG utaona jambo moja: bei ilikuwa imeshatangazwa kabla mlango haujafunguliwa. Bei ya uniti huidhinishwa na mdhibiti, EWURA, na faini ina kiwango chake kwenye kanuni. Programu iliuliza swali lenye jibu moja. Kwa hiyo nashikilia kwamba uwazi wa bei ulifanya kazi kubwa kuliko utaalamu wa kompyuta, na kwamba ukosefu wake ndio unaokwamisha maduka yetu mpaka sasa.

Mchukue mtu anayejenga kidogo kidogo Chamazi au Boko. Anataka nondo, bati na saruji. Maduka ya Kariakoo na Tegeta yapo Instagram, picha ni nzuri, namba ya WhatsApp ipo, lakini chini ya picha imeandikwa "bei njoo DM". Hapo programu haina cha kuuliza. Mjenzi huyo atapiga simu duka moja moja, au atapanda daladala hadi Kariakoo kutafuta tarakimu ambayo seva ingemjibu kwa sekunde moja. Kulipa kumekuwa rahisi, kujua bei bado ni safari, na anayeishi pembeni ya jiji ndiye anayeigharamia.

Wafanyabiashara wana hoja zao, na si za kubeza. Wanasema biashara yetu ni ya kupatana. Ni kweli, lakini hata kupatana huanzia kwenye bei fulani, na bei ya kuanzia ikiandikwa hakuna anayezuiwa kuomba punguzo. Wanasema washindani wataiga. Mshindani wa mtaa mmoja tayari anaijua bei hiyo, maana anaweza kumtuma kijana akaiulize asubuhi. Asiyeijua ni mteja wa Mbande. Wengine hukumbusha kwamba Jumia, iliyokuwa na bidhaa na bei zake mtandaoni, ilifunga shughuli zake Tanzania mwezi Novemba 2019. Lakini kazi yake ilikuwa pia kufikisha mizigo na kubeba gharama zake, wakati orodha ya bei haibebi mfuko hata mmoja wa saruji. Huo utabebwa na guta au kirikuu kama siku zote.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la Mei 2021, mfumo wa LUKU ulipogoma kwa siku kadhaa na foleni zikarudi katika ofisi za TANESCO. Kuutegemea mlango mmoja ni hatari, nakubali kabisa. Ila umeme una muuzaji mmoja, nondo zina mamia. Duka moja likinyamaza, programu itauliza la pili.

Na kazi yenyewe si kubwa. Duka linalotoa risiti za EFD, mashine ya kodi, tayari huingiza bei kwenye mashine kila linapouza. Kinachotakiwa ni faili moja mtandaoni, yenye jina la bidhaa, kipimo chake, bei ya kuanzia, kama ipo dukani, na saa ilipohakikiwa mara ya mwisho. Saa hiyo isisahaulike, kwa sababu bei ya nondo ya wiki iliyopita inaweza kumpotosha mjenzi kuliko kukosa bei kabisa.