Usione Vyaelea, Vimeundwa

Wahenga hawakukosea walipotuasa kwamba tusione vyaelea, vimeundwa. Aghalabu hadhira humtazama msemaji aliye mbele ya skrini akitoka kwenye slaidi na kuingia kwenye sauti iliyorekodiwa, akitoka kwenye sauti na kuingia kwenye matini, kisha akirejea alikotoka pasi na mkwamo. Hadhira hudhani huo ni wepesi wa vidole tu. Laiti ingalijua!

Yupo mwanafunzi mmoja wa uzamili, mkazi wa Riruta, aliyelijua jambo hili kwa njia chungu. Siku ya kuwasilisha pendekezo lake la utafiti alirauka alfajiri, akapanda matatu katika Barabara ya Naivasha, kipakatalishi chake cha mtumba kikiwa mapajani kama mtoto mchanga. Utafiti wenyewe ulihusu nafasi ya wimbo katika ngano zinazotambwa na wazee wa Kawangware. Dakika za mwanzo zilikwenda sambamba. Ilipowadia zamu ya kuisikilizisha hadhira wimbo, alizifunga slaidi akaanza kuisaka faili ya sauti. Akafungua folda hii, akaifunga. Akafungua ile, akaifunga. Jasho likamtiririka. Kwa kiherehere akabofya faili asiyoikusudia, na barua ikajitandaza skrini nzima.

Ilikuwa barua aliyoiandika kuomba ruhusa ya kulipa karo kwa awamu, kwa kuwa mamake, mwuza mboga sokoni Kawangware, alikuwa mgonjwa. Kila neno lilisomeka hadi safu ya nyuma. Hakuna aliyecheka, heri wangalicheka. Mhadhiri mmoja aliinamisha kichwa akajifanya kupekua makabrasha. Barua haikukaa pale zaidi ya sekunde 10, lakini baada ya hapo mwanafunzi hakuweza tena kuitetea hoja yake hata moja. Jopo lilimtaka arudi baada ya wiki mbili.

Jioni moja katika wiki hizo aliingia katika saiba iliyo karibu na steji ya Riruta ili achapishe pendekezo lililosahihishwa. Alimkuta mhudumu akimjazia mzee mmoja fomu kwenye eCitizen. Mara alikuwa kwenye fomu, mara kwenye picha ya kitambulisho, mara kwenye risiti ya malipo, kisha kwenye fomu tena. Mzee aliyeketi kando yake hakuona hata chembe ya faili za wateja waliotangulia. Mwanafunzi alipopata nafasi alimwuliza dada huyo siri yake.

"Mwalimu," akamjibu, kwani ndivyo alivyozoea kumwita, "karatasi za watu ni siri zao. Mteja akiondoka, nafunga zake zote. Anayefuata akiketi, nafungua kwanza kila atakachohitaji. Sitafuti kitu mteja akiwa anatazama."

Kisha akamwonyesha vitufe. Ukishikilia Alt na kubonyeza Tab, madirisha yote yaliyofunguliwa hujipanga mbele yako, nawe huchagua unalotaka bila kuzifunga slaidi. Slaidi za PowerPoint zikiwa zinaonyeshwa, herufi B huifanya skrini kuwa nyeusi, na ukiibonyeza tena slaidi hurejea. Huo ni wasaa wa kuzungumza bila kuanika chochote. Fauka ya hayo, tangu Windows 7 ya mwaka wa 2009, kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na P humwezesha msemaji kutenganisha kinachoonekana kwenye projekta na kinachobaki kwenye kipakatalishi chake. Hayo yote hujifunzwa kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kazi kubwa ni ile inayotangulia: kufunga yasiyohusika, kuzima arifa, na kuyapanga madirisha kwa utaratibu wa hoja.

Hata waasisi wa sanaa hii walijua hivyo. Mnamo tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Marekani, Douglas Engelbart aliketi mbele ya watu wapatao 1,000 akaonyesha kwa dakika 90 matumizi ya kipanya, matini yaliyounganishwa kwa viungo, na mazungumzo kwa njia ya video. Machoni pa watazamaji mambo yalijiendea yenyewe. Kumbe tarakilishi yenyewe ilikuwa Menlo Park, umbali wa kilomita 50 hivi, na mwenzake Bill English alikuwa akiisimamia mitambo ukumbini ili kila picha itokee wakati wake.

Hata hivyo, vitufe peke yake havitoshi, na hapa mwanafunzi wa fasihi simulizi ana jambo la kuwafundisha wataalamu wa tarakilishi. Fanani wa ngano huhama kutoka masimulizi hadi wimbo na kurudi mara kadhaa, wala hasiti kuutafuta wimbo huo. Kabla ya kuimba huwa ameshasema kwamba msichana alifika kisimani akaanza kulia kwa wimbo. Hadhira huwa imeshavuka kabla ya sauti kubadilika. Neno ndilo daraja. Msemaji anayenyamaza ili abofye huwa amelivunja daraja hilo, akaiacha hadhira ng'ambo ikitazama vidole vyake.

Mwanafunzi wetu aliporudi mbele ya jopo, madirisha yake yalikuwa manne, yamepangwa, na barua haikuwamo kabisa katika kipakatalishi. Alisema, "Sasa tumsikilize bibi huyu pale anapoacha kusimulia," na neno la mwisho lilipokuwa likimtoka kinywani, sauti ya ajuza wa Kawangware ikajaa chumbani. Alivuka hivyo mara tatu. Hakuna aliyempongeza kwa kuvuka kwake, kwa sababu hakuna aliyekuona. Maswali yote yalihusu wimbo.

Pendekezo lilipita. Karo yenyewe ingali inalipwa kwa awamu, lakini hilo sasa linajulikana na wanaopaswa kulijua tu.