Kabla ya Kubadilisha Spika

Muziki wa nyumbani katika pwani yetu, kutoka Kaole hadi Bagamoyo mjini na kuteremka hadi Dar es Salaam, umepita katika mikono mingi. Wazee walianza na gramafoni na santuri, zikiwemo za mwimbaji Siti binti Saad aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928. Mwaka 1951 ikaanza Sauti ya Dar es Salaam, na redio moja ikatosha mtaa: iliwekwa dirishani, ikatazama barazani, aliyekaa na aliyepita wakasikia sawa. Ikafuata redio kaseti, halafu deki yenye spika zake mbili, halafu sabufa, ambayo leo utaikuta hata kwenye chumba cha kupanga. Wachache wakapanda zaidi, wakanunua spika za kusimama sakafuni zenye amplifaya yake, za bei inayotosha kununua bodaboda mpya au zaidi. Hao ndio wanaojiuliza sasa kama wauze walizonazo wachukue za daraja la juu. Naamini wengi wao wanaliuliza swali hilo mapema mno. Katika safari yote hii spika zimezidi kuwa nzuri, lakini vyumba tunavyozisikilizia vimezidi kuwa vibaya.

Fikiria nyumba ya mawe ya kale. Dari yake ilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haiwezi kuvuka upana mkubwa bila kulegea, vyumba vilijengwa virefu na vyembamba, meta 3 au pungufu kwa upana. Chokaa ni ngumu na hurudisha sauti, hilo sikatai. Lakini kuta zile hazikunyooka kama kioo, boriti zilizopangwa juu ziliivunja sauti na kuitawanya, na chini palikuwa na mikeka, magodoro na mapazia mazito. Linganisha na sebule tunayojenga leo: vigae sakafuni, plasta iliyolainishwa, dari ya jipsamu, madirisha makubwa ya vioo na aluminiamu. Simama katikati yake upige kofi moja. Utasikia mlio mwembamba unaokimbia kati ya kuta na kukawia kufa. Mlio huohuo ndio unaoingia katika kila neno la mwimbaji, na hakuna kiwanda, hata kiwe hodari vipi, kinachoweza kuutengenezea dawa ndani ya kasha la spika. Twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, ikiwa safi zaidi katika chumba kama hicho itakusikilizisha vigae kwa usafi zaidi.

Besi nayo ina mambo yake. Katika joto letu sauti husafiri karibu meta 350 kwa sekunde, kwa hiyo kuta mbili zilizoachana meta 4 hujenga wimbi lililosimama kwenye mtetemo wa Hz 44 hivi, palepale linapokaa gitaa la besi. Aliyeegemea ukuta husikia besi imejaa hadi inachosha, na aliyekaa katikati ya chumba anaikosa, akadhani spika zake ni dhaifu. Akinunua kubwa zaidi analilisha wimbi lilelile. Kusogeza kochi kwa nusu meta, au kuziondoa spika pembeni ya kuta, kunaweza kuleta tofauti kubwa kuliko mshahara wa miezi kadhaa. Hata wati zinazoandikwa kwa herufi nene kwenye makasha zinadanganya macho: ukizidisha nguvu mara mbili unapata desibeli 3 tu, ongezeko ambalo sikio hulitambua bila kustaajabu.

Wapo watakaosema hewa ya bahari haina huruma, na spika za pwani hufa mapema kuliko za Dodoma. Ni kweli. Fungua kitambaa cha mbele cha spika ya miaka ya 1980 ukaguse sponji inayozunguka koni: mara nyingi itabaki kidoleni kama unga wa kahawia unaonata. Nyuma yake, unapoingia waya wa shaba, utakuta kutu ya kijani. Lakini tazama kilichokufa. Sumaku ipo, kasha lipo, koni ipo. Sponji hubadilishwa kwa mpira, ambao huvumilia unyevu zaidi. Waya hukatwa na kuchunwa upya. Kapasita zilizochoka kwenye krosova, sakiti inayogawa sauti za juu na za chini, hutolewa na kuwekwa nyingine. Fundi redio mtulivu anaiweza kazi hiyo. Uchakavu wa aina hiyo ni sababu ya kumwita fundi, na mtu akiugeuza kuwa sababu ya kununua atanunua tena baada ya miaka michache, kwa kuwa upepo wa chumvi hauchagui chapa.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaosema kuwa spika bora hufichua yaliyomo katika rekodi, na huo ni utajiri wa kweli. Nakubali, na Bagamoyo tuna kipimo kizuri kuliko majarida yote. Hukwe Zawose, mwanamuziki Mgogo aliyefanya makazi yake hapa hadi kifo chake mwaka 2003, alirekodi albamu ya Chibite iliyotoka mwaka 1996. Humo inasikika ilimba, ile marimba ya Wagogo, yenye utando mwembamba uliobandikwa ili kila noti iwe na mvumo wake. Kwenye spika mbovu mvumo huo hupotea, au mtu hudhani koni imepasuka. Kwenye spika nzuri unausikia umetengana na sauti ya chuma, kama unavyousikia ukikaa karibu na wapigaji wakati wa tamasha la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Basi ukitandika zulia zito, ukaning'iniza mapazia, ukajaza vitabu kwenye rafu ya ukuta wa nyuma, na fundi akamaliza kazi yake, lakini mvumo wa ilimba bado haujitengi na noti, hapo spika zako zimefika mwisho wa uwezo wao. Mwenye fedha na anunue, tena achague kwa kusikiliza rekodi hiyohiyo, ikiwezekana ndani ya sebule yake mwenyewe kabla hajalipa. Anayekataliwa kuazima hata kwa siku moja aende duka jingine.