Masizi ya Kafuri

Waliopitia maabara za kaboni mwanzoni mwa miaka ya 2000 watakumbuka tanuri la umeme likipanda hadi nyuzijoto 800: ule wekundu ulioiva katikati ya bomba la kwatzi na kufifia kuelekea ncha zake, argoni ikibubujika ndani ya chupa ya mafuta mwisho wa mpira, na ferosini, unga wa rangi ya chungwa unaonukia kafuri, ikiwa imeshayeyushwa katika tolueni na kusukumwa polepole kwa sindano mpaka penye moto, ambako ilivunjika ikaacha chembe za chuma, kaboni ikazama ndani ya chembe hizo hadi zikashiba, kisha ikachomoza ikiwa mrija mwembamba usioonekana kwa macho. Kasi ya gesi tuliikadiria kwa mapovu. Siku hizi kompyuta ndiyo inayofungua vali.

Hatukuwa wa kwanza. Morinobu Endo aliotesha nyuzi za kaboni kwa benzini na chuma tangu miaka ya 1970, ila dunia iligutuka mwaka 1991, pale Sumio Iijima wa NEC, Tsukuba, alipotazama kwa hadubini ya elektroni kilichoachwa na tao la umeme kati ya vijiti vya kaboni. Baada ya hapo kila mwenye tanuri alitaka masizi yake. Kule Nagoya, Mukul Kumar na Yoshinori Ando waliweka kafuri yenyewe, zao la mti, wakaivukiza pamoja na ferosini, na mirija ikaota. Nasi tukaiga. Mtoto wa pwani anaijua kafuri ya kuoshea maiti. Kuipima kwa gramu, kisha kuitazama ikigeuka moshi, kulinipa kigugumizi ambacho sikumsimulia mtu pale maabara.

Bomba likipoa tulilifungua. Ndani mlikuwa na zulia jeusi lisilong'aa, la aina ambayo mama zetu waliifuta kwenye chimni ya chemli kwa kipande cha gazeti. Sisi tuliliparua kwa wembe, tukaligawa kwenye vichupa, tukaandika tarehe kwa mkono. Kesho yake, kwa vipimo vilevile, tulipata vumbi tu. Kila mtu alikuwa na maelezo yake: mvua, silinda mpya, bomba lililosafishwa kupita kiasi. Mkubwa wetu mmoja alikataza kabisa bomba lake lisioshwe.

Mwaka 2004 Kenji Hata na wenzake, Tsukuba kulekule, walionyesha kwamba mvuke kidogo mno wa maji, ukichanganywa na ethilini, huondoa kaboni inayozifunika chembe za chuma na kuziua. Msitu wa mirija ukapanda milimita 2.5 kwa dakika 10. Maji! Kitu tulichokuwa tukikifukuza kwa kila mbinu. Leo kichocheo ni utando wa chuma wa takriban nanomita 1 juu ya alumina, na kilichoota Jumatatu huota Alhamisi. Ule ubishi wa mvua nimeukumbuka, lakini siutamani.

Wala sitamani vichupa vile kufunguliwa mezani, na barakoa ya karatasi ikihesabiwa kinga. Mwaka 2008 watafiti wa Edinburgh waliona kwamba mirija mirefu, ikiingizwa kwenye tumbo la panya, huleta uvimbe kama wa asbesto. Sasa kuna visanduku vya glavu na vichujio. Ni afadhali hivyo.

Kilichonitoka ni ile ndoto. Tuliongea, tena kwa uso mkavu, juu ya kamba ya kupandia angani, kutoka ikweta hadi kwenye setilaiti. Leo mirija hiyo hutengenezwa kwa tani na kukorogwa kwenye uji mweusi wa betri za lithiamu. Ni kazi ya maana, na betri zinadumu zaidi. Mwaka 2019 MIT hata walijenga prosesa yenye transista zaidi ya 14,000 za mirija hii. Lakini hakuna anayepanda popote.

Na tanuri, pamoja na skrini yake, kwa kawaida bado linatoa mchanganyiko: takriban theluthi moja ya mirija ya ukuta mmoja hupitisha umeme kama metali, inayobaki ni nusu-kipitishi, na vijana wanaitenganisha baadaye kwa sabuni na mashine ya kuzungusha. Hapo hawajatuzidi sana.