Kadi ya dola 40 iliyonyamazisha matangazo yetu

Ndugu wasikilizaji wa Yahuma, na ninyi familia mliokimbia makwenu mkafika Kisangani, nina deni kwenu. Wengi mliuliza kwa nini matangazo ya kutafuta ndugu waliopotea yalinyamaza wiki moja. Kosa ni langu.

Kompyuta yetu ya kutengenezea sauti ilikuwa inakwama kila mara. Mlichanga dola 40, nami nikaenda Kisangani kununua memori. Muuzaji mmoja wa vyuma vilivyotumika akanionyesha kadi yenye feni, imeandikwa AGEIA PhysX. Akasema: «Kaka, hii ni purosesa ya pili. Kompyuta itakimbia mara mbili.» Nikalipa.

Fundi wetu aliifunga. Feni ikazunguka, ikala mafuta ya jenereta, lakini sauti iliendelea kukwama. Siku ya tatu kompyuta ikakataa kabisa kufungua faili zetu.

Baadaye nikasoma habari zake. Muuzaji hakudanganya yote: ni purosesa kweli, ila inajua kazi moja tu. Ilitoka mwaka 2006, bei yake karibu dola 300, kwa ajili ya michezo ya kompyuta. Ndani ya mchezo, ukuta ukibomoka, lazima kila kipande kipigiwe hesabu: kinaanguka wapi, kinagonga nini, kinasimama lini. Moshi na maji vilevile. Kadi hii ilifanya hesabu hizo, tena katika michezo iliyoandikwa kwa ajili yake tu, nayo ilikuwa michache. Picha haichori, na sauti ya redio haiijui kabisa.

Mwaka 2008 kampuni ya Nvidia ilinunua AGEIA, ikaihamishia kazi hiyo kwenye kadi zake za picha. Tangu hapo kadi ya peke yake ikakosa kazi. Ndiyo maana imefika sokoni kwetu.

Zile dola 40 nimezirudisha kutoka mfukoni mwangu. Memori tumepata, na majina ya watoto wanaotafutwa yanasomwa tena kila jioni.

Ukinunua chombo, usiulize kama kina nguvu. Uliza kinafanya kazi gani, na kiwashwe mbele yako kikifanya kazi yako wewe. Mimi sikuuliza, na kuna mama aliyengoja wiki nzima kusikia jina la mwanawe.