Malango ya Jinsia Moja: Ngamiani, Pangani, Usambara

Barazani Ngamiani, mjini Tanga, saa kumi na moja jioni, mwanamke akisimama kuagiza kahawa hafukuzwi. Anapewa kiti, anaulizwa ametoka wapi, anaongezewa na kipande cha kashata. Mimi nilikaribishwa hivyo hivyo. Lakini wazee waliokuwa wakizungumzia kiwanja fulani, nani kauziwa na kwa bei gani, mara wakahamia timu ya soka ya Coastal Union. Nilikunywa vikombe viwili na kuondoka nikiwa bingwa wa safu ya ulinzi ya hao Wagosi wa Kaya. Habari za kile kiwanja sikuzisikia tena.

Safari yenyewe ilitokana na ugomvi wa nyumbani. Kaka yangu anataka bintiye asome shule ya mchanganyiko, kwa hoja kwamba zama za kuwatenga watoto zimepita na kazini hakuna ofisi ya wanawake watupu. Wifi yangu hataki kusikia hilo. Mimi, shangazi mtu, nikaombwa rai, na kwa kuwa nilikuwa na shughuli Tanga nikaamua kuangalia mambo kwa macho kabla ya kusema neno.

Tanga ni mahali pazuri pa kuliuliza swali hili, maana mji huu unajua shule ya jinsia moja inaweza kuzaa nini. Katika miaka ya 1890 Wajerumani walianzisha hapa shule ya serikali, na wanafunzi wake walikuwa wavulana. Humo walitoka makarani, walimu na maakida. Ukarani ukawa kazi ya wanaume, ukabaki hivyo hata Waingereza walipochukua nchi. Mwaka 1922 Martin Kayamba, karani wa serikali hapa Tanga, na wenzake wakaunda chama cha watumishi wa serikali Waafrika wa Tanganyika. Waislamu na Wakristo wa makabila mbalimbali walikaa pamoja, wakasoma magazeti, wakacheza mpira, wakajadili maslahi yao. Kwa wakati ule lilikuwa jambo kubwa, na wanahistoria hukihesabu chama hicho miongoni mwa watangulizi wa African Association, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1929 na hatimaye kuzaa TANU mwaka 1954. Kumzuia mwanamke hakukuhitaji kanuni yoyote. Alikuwa amekwisha kuzuiwa miaka 30 nyuma, kwenye mlango wa darasa.

Kayamba mwenyewe alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, katika kijiji cha wamisionari wa Kianglikana wa UMCA. Wamisionari hao walikuwa na shule mbili kusini mwa mji, haziko mbali sana: Kiungani ya wavulana na Mbweni ya wasichana, nyingi za nafasi zake za mwanzo zikiwa za watoto waliookolewa utumwani. Kiungani ilitoa walimu na makasisi. Mbweni nayo ilitoa walimu wachache, lakini wasichana wengi walifundishwa kushona, kufua na kutunza nyumba, waje kuwa wake wa vijana wa Kiungani. Misheni ile ile, ukuta kila upande, na kila ukuta ukampeleka mtu kwenye njia yake. Ndiyo maana sikubaliani na wifi yangu anaposema shule ya wasichana ni nzuri kwa sababu tu ni ya wasichana.

Pangani nilifikia kwa bibi mmoja aliyeitikia shikamoo yangu kwa marahaba ndefu, akanipeleka moja kwa moja uani. "Wanaume wana baraza, siye tuna ua, mwanangu." Mama yake alicheza lelemama, ile ngoma ya wanawake iliyovuma pwani nzima kwa vyama vyake vyenye viongozi, sare, michango ya harusi na misiba, na mashindano yaliyokausha mifuko ya watu. Nikamuuliza kama wangekubali wanaume wajiunge. Akacheka. "Waje kufanya nini? Wakiingia leo, kesho mwenyekiti ni wao."

Nilicheka naye, lakini hilo si la mzaha. Mwaka 1955 TANU ilipohitaji wanachama wanawake Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, alipita kwa viongozi wa vikundi kama hivyo. Katika miezi michache wanawake zaidi ya 5,000 walikuwa wamejiunga. Wanawake ambao shule ya makarani haikuwapokea walikuwa tayari wamejifunza kuendesha chama, kukusanya fedha na kushindana kwa hoja, wakiwa peke yao.

Kutoka Mombo kupanda Lushoto nilikaa na baba aliyekuwa akimrudisha bintiye shuleni. Milima hii ya Usambara ina shule za wasichana zenye sifa, mojawapo St. Mary's Mazinde Juu, iliyoanzishwa mwaka 1989 na Padre Damian Milliken, Mbenediktini kutoka Marekani, wakati msichana wa Usambara kufika sekondari ilikuwa bahati. Nilimuuliza baba yule kwa nini shule ya wasichana watupu. Nilitarajia hotuba ya maadili. Akaniambia shule ya kata ya kijijini kwao haina bweni, mabinti wanaotoka mbali hupanga geto, na yeye angependa kulala usingizi.

Jibu lake linaonyesha udhaifu wa jambo zima. Tunamfungia binti ndani ya geti kwa sababu ya wanaume walioko nje, na wale wa nje hawaulizwi kitu. Hata hivyo, mwaka wa masomo haungoji jamii ibadilike.

Swali la ni lango lipi la jinsia moja libaki limewahi kufika hata mahakamani. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa chuo cha kijeshi cha Virginia, kilichofadhiliwa na serikali, hakiwezi kuwakatalia wanawake, na kwamba programu mbadala waliyoundiwa haikuwa sawa nacho. Hapo ndipo ninaposimama: lango la jinsia moja nalikubali linapoziba pengo, si linapomnyima mtu fursa. Kundi la wanawake linaloomba mkopo wa halmashauri, katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 4 ni za wanawake, linaziba pengo, nalitetea. Shule ya wasichana yenye maabara na walimu wa fizikia, nayo naitetea. Baraza la kahawa libaki la wazee, sina ugomvi nalo, ila bei za viwanja zijadiliwe kwenye mkutano wa mtaa ambako nami nina haki ya kukaa.

Kaka nimemwambia ampeleke binti shule ya wasichana, baada ya kukagua maabara. Na ninyi wa halmashauri za Pangani, Muheza na Mkinga, jengeni mabweni ya wasichana kwenye shule za kata za mchanganyiko, ili baba kama yule wa Mombo achague shule kwa masomo yake, si kwa kufuli la geti.