Redio ya Mzee wa Langoni

Nilifika Beijing mwaka 1983, mwanangu, nikapelekwa Chuo cha Lugha kule Wudaokou, walikopitishwa wanafunzi wengi wa kigeni kabla ya kutawanywa kwenye fani zao. Walimu wetu walikuwa hodari, nawashukuru mpaka leo. Lakini Kichina cha darasani kilisemwa polepole, kila neno limepigwa msasa, na nje ya lango hapakuwa na mtu anayezungumza hivyo. Kondakta wa basi, ukishampa fen 5 zake za safari fupi, alivitaja vituo kwa pumzi moja, na wewe uliyefaulu mtihani ukabaki kuhesabu vituo kwa macho.

Aliyenifungua masikio ni mlinzi wa bweni letu, mzee mwembamba mwenye meno yaliyoiva kwa chai. Kijumba chake kilinuka moshi wa makaa, vitunguu saumu, na ikifika Novemba, kabichi. Maana watu walinunua kabichi za msimu mzima wa baridi na kuzirundika hadi kwenye korido. Saa ya hadithi ikifika alinisogezea kigoda. Redioni alikuwa Yuan Kuocheng, akisimulia Falme Tatu, kisa kirefu cha vita na hila alichokigawa katika sehemu 365. Mtu mmoja tu, lakini utasikia jemadari akinguruma, mshauri akinong'ona, farasi wakija mbio. Akifika penye utamu, anakata mpaka kesho! Lugha yake ilikuwa nzito, yenye misemo ya kale ya maneno manne manne. Niliinasa kwenye kaseti, usiku nikairudia mpaka utepe ukaanza kukwaruza, na asubuhi nikampelekea mzee yaliyonishinda. Hakuwa mtu wa kamusi, alinyanyuka akaniigizia.

Saa 1 jioni tulijazana sebuleni kutazama taarifa ya habari. Xing Zhibin alisoma kwa sauti iliyonyooka, na kwake nilijifunza Kichina cha ofisini, chenye sentensi ndefu zisizo na pa kupumulia. Agosti 1985 tulimwona Mwalimu Nyerere ameketi na Deng Xiaoping, miezi michache kabla hajang'atuka. Wenzangu walioingia mwaka ule walinigeukia niwafasirie, nikawafasiria palepale.

Ila mtihani niliouthamini ulikuwa kwenye kigoda. Siku jemadari Guan Yu wa hadithi ile alipomkuta adui yake Cao Cao ameshindwa vitani, hoi njiani, akamwachia apite kwa kukumbuka wema aliotendewa zamani, mzee alipiga meza: huyo kamsaliti bwana wake! Nikamjibu kuwa fadhila ni deni, na asiyelilipa hafai kuongoza jeshi. Akanirudi kwa misemo, nami nikamrudi kwa misemo aliyonifundisha mwenyewe. Tulibishana mpaka wanafunzi wakaja kuchungulia dirishani, na kesho yake akanianza tena kabla sijamwamkia.