Safari ya Pweto Wakati wa Kipwa

Mwezi wa saba tulitoka Lubumbashi kwenda Pweto kwa kupitia Kasomeno na Kilwa. Mchana vumbi jekundu, usiku baridi kali. Watoto tuliwafunika vitenge viwili-viwili.

Pweto iko pale maji ya ziwa Moero yanapotoka na kuwa mto Luvua. Zambia ni jirani kabisa. Desemba 2000, vita vilipofika Pweto, maelfu ya watu walikimbilia huko, wamama na watoto mgongoni. Watu wa Zambia waliwapokea.

Leo wachuuzi wa samaki wanavuka mpaka huo kutafuta chakula cha watoto. Tuwaeleze watoto wetu habari hiyo. Na mkimbizi akibisha hodi kwetu, tumkaribishe, tumpe bukari.